Muulize Sista: Kompyuta ipige kura juu ya kifua cha mume wangu?

Mwezi huu barua za moyo zimejaa kikapu, nimechagua tatu. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni nesi mstaafu wa thieta. Nimesimama kando ya meza ya upasuaji miaka 31, ya mwisho kati ya hiyo kwenye vifua, Dar es Salaam. Sasa nafuga kuku Kiboriloni na najibu barua nikiwa barazani. Si daktari na simpimi mtu kwa barua.

*

Shikamoo Sista. Mume wangu ana miaka 61, ni fundi magari, tunaishi Pasua hapa Moshi. Tangu mwaka jana akipanda mlima kidogo tu kifua kinambana kama amekazwa mkanda. Amepimwa, mishipa mitatu ya moyo imeziba, na amepangiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa. Juzi kliniki tulipewa karatasi za kurasa saba. Wanasema kuna utafiti: zipo namna mbili za kupandikiza, na akikubali kushiriki, kompyuta ndiyo itachagua afanyiwe ipi. Tangu siku hiyo amekuwa kimya. Mashemeji wamekaa kikao wakasema hapana, ndugu yao hawezi kuchezewa bahati nasibu. Mimi naogopa tukikataa watamrudisha mwisho wa foleni. Nisaidie. – Mama wa Pasua

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo. Naanza na hofu yako ya mwisho kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi. Mume wako akikataa utafiti haondolewi kwenye orodha, hacheleweshwi, wala hapewi daktari wa akiba. Atafanyiwa upasuaji uleule ambao angefanyiwa kama hizo kurasa saba zisingekuwepo. Hayo si maneno ya kukutuliza. Ndiyo masharti anayowekewa mtafiti kabla hajamgusa mtu, na hapa kwetu utafiti wa tiba kwa binadamu haufanyiki bila kibali cha kamati ya maadili. Ile ya taifa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kama kuna mtu kliniki alikudokeza vinginevyo, rudi umwombe arudie maneno yake daktari akiwa amesimama hapo.

Sasa kompyuta. Mashemeji zako siwalaumu. Mtu amesomea vifua miaka kumi na zaidi, halafu anamwachia mashine iamue? Hata mimi mara ya kwanza niliona ni dharau. Nikuhadithie habari ya mshipa mmoja, huenda ukaona ninachokiona.

Weka kidole pembeni mwa mfupa wa kidari, hapo mbavu zinapoungana nao. Nyuma ya hapo, kama upana wa kidole kutoka ukingoni, unashuka mshipa mmoja kila upande. Ni mwembamba kama mrija wa wino ulio ndani ya kalamu ya Bic. Kazi yake ni kulisha damu ukuta wa kifua. Miaka ya 1950 madaktari, kuanzia Italia kisha Marekani, walikuwa na wazo lililoonekana la akili kabisa: ukiufunga mshipa huo kwa uzi, damu itakosa njia, itarudi juu na kutafuta upenyo kuelekea kwenye moyo wenye kiu. Ni kama kuziba mfereji huku juu ili maji yaingie shamba la jirani. Wakafunga. Wagonjwa wakaamka wakasema maumivu yamepungua, wengine wakarudi kazini. Nani angepinga?

Mwaka 1959 daktari Leonard Cobb na wenzake wa Seattle walichukua wagonjwa 17. Kila mmoja alipigwa ganzi, akachanwa, mishipa ikafikiwa. Hapo ndipo bahasha ya kura ilipofunguliwa. Bahasha nyingine ilisema funga mshipa. Nyingine ilisema usifunge, shona ngozi, basi. Baadaye wagonjwa wakahojiwa na mtu asiyejua nani alikuwa kundi lipi. Makundi yote mawili yalisema yana nafuu, na waliofungwa mishipa hawakuwazidi wenzao waliochanwa ngozi tu. Mwaka uliofuata madaktari wa Kansas wakarudia kwa wagonjwa 18, wakaona yaleyale. Operesheni ile ikafa. Bila bahasha zile, ni watu wangapi wangeendelea kuchanwa vifua bure, na kila mmoja akishukuru?

Kwa nini daktari asichague mwenyewe na kuandika matokeo? Kwa sababu yeye ni binadamu. Mgonjwa mwenye mwili mzuri atampeleka kwenye njia anayoipenda, yule dhaifu atampeleka kwenye nyingine, na wala hatajua kama anafanya hivyo. Ukijaribu mbolea mpya kihambani ukaiweka kwenye migomba iliyo karibu na mfereji, na migomba ya juu kavu ukainyima, mkungu ukija mkubwa utasifu mbolea. Kumbe ni maji. Kura inagawa migomba ya mferejini na ya juu kwa pande zote mbili. Hiyo ndiyo kazi yake, na kompyuta inatumika kwa sababu haimjui mgonjwa wala haimhurumii mtu.

Mshipa wetu haukuishia hapo. Mwaka 1967, Cleveland, daktari Mwargentina René Favaloro, ambaye kabla ya hapo alikuwa daktari wa kijijini nchini kwao, alianza kutumia mshipa wa mguuni kuruka pale palipoziba kwenye moyo. Ndiyo hiyo kupandikiza mishipa tunayoizungumza. Lakini mishipa ya mguu nayo huziba baada ya miaka. Mwaka 1986 madaktari wa hospitali hiyohiyo ya Cleveland wakaonyesha kwamba waliowekewa ule mshipa wa nyuma ya kidari, wa kushoto, kwenye mshipa wa mbele wa moyo, walikuwa wanaishi muda mrefu kuliko waliowekewa ya miguuni peke yake. Walifuatilia miaka 10. Mshipa uleule! Uliofungwa kwa uzi bila faida ukageuka kuwa mshipa bora kuliko yote tuliyonayo.

Basi kila mtu akawaza: kama mmoja ni mzuri, miwili itakuwa mizuri zaidi. Hata mimi ningeweka shamba rehani. Likafanyika jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Uingereza, wagonjwa 3,102 katika nchi saba, kwa kura, nusu wapangiwe mmoja na nusu miwili. Matokeo ya miaka 10 yalichapishwa 2019. Katika kila 100 walikuwa wamefariki kama 21 upande wa mshipa mmoja, na kama 20 upande wa miwili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema chochote, na waliotolewa miwili walikuwa wamesumbuliwa zaidi na kidonda cha kidari. Wapo wanaobishana nayo mpaka leo, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hawakupata kile kura ilichowapangia. Na wabishane. Lakini ona watu walivyokuwa na uhakika kabla ya kuhesabu.

Kwa hiyo daktari wa mume wako akikwambia hajui ipi ni bora kati ya njia mbili, usione amepungukiwa.

Ila kuna mahali siwatetei watafiti. Wale 17 wa Seattle waliambiwa kwamba operesheni inatathminiwa. Hawakuambiwa kwamba wengine watachanwa ngozi na kushonwa bila kufanyiwa kitu. Leo hilo haliruhusiwi, na kurasa saba ulizopewa zipo kwa sababu ya watu kama wao. Zisomeni.

Na mimi nina langu. Zamani, hospitali moja nisiyoitaja, nilitumwa kuchukua ridhaa za wagonjwa kwa ajili ya utafiti. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nawahi gari la mwisho. Kulikuwa na bibi mmoja asiyejua kusoma, amekaa kitandani na kanga yake imefungwa kifuani. Nilimshika mkono, nikakichovya kidole gumba kwenye wino, nikakibonyeza pale chini. Akaniuliza, "Sista, hii ni ya dawa?" Nikamjibu, "Ndiyo bibi, ya dawa." Hakupata madhara yoyote, utafiti wenyewe ulikuwa wa kuchukua damu kidogo tu. Lakini kile kidole kilikuwa cha kwake na nilikitumia kama muhuri wa ofisi. Mpaka leo nikiona kidau cha wino wa bluu namkumbuka.

Ukirudi kliniki, nenda na mume wako na karatasi mkononi. Muulizeni daktari kama hizo njia mbili zote anazifanya kila siku, au moja ndiyo anaanza kuijifunza. Hilo ndilo swali kubwa, na utamwona usoni kabla hajajibu. Akiumia kwa sababu ya utafiti, nani atalipia? Atatakiwa kusafiri Dar mara ngapi kwa vipimo vya ziada, na nauli ni ya nani? Kwenye fomu angalieni namba ya kibali, simu ya mtafiti na simu ya kamati ya maadili, na ombeni nakala mbaki nayo nyumbani. Anaweza kukubali leo na kujitoa kesho bila kutoa sababu. Baada ya operesheni hatoweza kurudishiwa mshipa, hilo ni kweli, lakini anaweza kukataa kufuatiliwa.

Mashemeji washauri, ndiyo kazi ya ukoo. Sahihi ni ya mwenye kifua. Na huo ukimya wake, mama, sidhani kama ni wa kompyuta. Mwanaume anayejua atalazwa kifua wazi ana mengine ya kuwaza. Jioni moja mchemshie mtori, zima redio, muulize anaogopa nini.

*

Sista, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 23, tupo Sakina, Arusha. Alipata ugonjwa wa valvu, vile vilango vya moyo, baada ya homa ya rumatiki utotoni, na miaka mitatu iliyopita akawekewa valvu ya chuma. Anakunywa warfarini na kupima damu kila mwezi, amechoka. Kaka yake aliyeko Uingereza ametuma vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, anasema havihitaji vipimo na vinapatikana kwa urahisi huko. Pia jirani ameniambia asile mnafu kabisa. Nifanyeje? – Mama mwenye hofu

Usimpe hivyo vidonge. Vifungie kabatini leo, kabla hujamaliza kusoma.

Sasa soma sababu. Hiyo valvu inayoitwa ya chuma mara nyingi ina vijilango viwili vya kaboni ngumu vinavyofunguka na kufunga kila moyo unapodunda. Damu ikigusa kitu ambacho si cha mwili inataka kuganda. Bonge likikaa kwenye bawaba, mlango unakwama. Likichomoka linaweza kwenda kichwani, mtu akapooza. Wapo waliofikiri kama kaka yake, wakajaribu kwa utaratibu: kidonge kipya kiitwacho dabigatrani dhidi ya warfarini, kwa watu wenye valvu kama ya binti yako. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakachapishwa 2013. Wagonjwa walikuwa 252. Waliopewa kidonge kipya ndio walioganda damu zaidi na ndio waliotoka damu zaidi. Yaani kilishindwa pande zote mbili.

Kuna na lingine ambalo nalipenda kwa sababu lilifanywa kwa watu wetu. Lilijumuisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wenye moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki na unaodunda ovyo. Wao hawakuwa na valvu za chuma. Wengi walitarajia kidonge kipya, rivaroksabani, kitafanya vizuri angalau kama kile cha zamani. Majibu yalitoka 2022: waliokuwa kwenye dawa za zamani kama warfarini walikufa wachache zaidi, na hawakutoka damu kuliko wenzao. Kwa hiyo mwambie kaka yake hakukosea kwamba huko vidonge hivyo hutolewa sana. Hutolewa kwa magonjwa mengine. Valvu ya dada yake haimo.

Mnafu haujakatazwa! Nimechoka na hili. Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K isitumike kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na mboga za majani zimejaa vitamini K. Hatari ni kubadilisha ghafla: wiki mbili hali majani, halafu kwenye ubatizo anakula mnafu sahani tatu. Ale kiasi kilekile siku zote, mnafu, figiri, sukuma wiki, chochote anachopenda, na dozi ipangwe kufuatana na mlo wake. Kwa valvu ya upande wa kushoto iitwayo mitrali, kipimo cha INR, kile cha kuona damu inachelewa kuganda kiasi gani, hutakiwa mara nyingi kuwa kati ya 2.5 na 3.5, lakini msimamo ni ule ulioandikwa kwenye kadi yake.

Asinunue diklofenaki wala aspirini dukani kwa ajili ya maumivu ya tumbo la mwezi. Asichomwe sindano ya msuli bila kusema anatumia nini. Akienda kung'oa jino atangulize kadi. Na kwa kuwa ana miaka 23, ongea naye hili kabla ya mtu yeyote kuja na pombe ya posa: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na mimba yenyewe huongeza damu kuganda. Asiache dawa mwenyewe akijihisi mjamzito. Amwone daktari wa moyo kabla hajaanza kutafuta mtoto.

Huenda anasikia mlio usiku, tik, tik, tik. Ni valvu inajifunga, na ni dalili nzuri. Wodini tulikuwa na mama mmoja wa siku ya tano baada ya operesheni, hakulala usiku kucha. Asubuhi akatuomba tumwondolee saa ya ukutani, inampigia kelele. Nikapanda kiti nikaitoa. Haikuwa na betri. Alicheka mpaka nikaogopa mishono ya kidari.

*

Shikamoo Bibi Sista. Niko kidato cha pili Moshi. Mwalimu alisema wakati wa upasuaji moyo unasimamishwa. Mtu si atakuwa amekufa? Na mimi baba yangu ni seremala, naweza kufanya kazi hiyo? – Mjukuu wako

Marahaba, mjukuu wangu. Moyo unasimamishwa kwa maji baridi yenye potasiamu. Mtu hafi kwa sababu damu yake inapitishwa kwenye mashine iliyo kando ya kitanda, inapewa hewa na kusukumwa kurudi mwilini. Mashine ya kwanza kufanikiwa kwa kufungua moyo ilikuwa ya daktari John Gibbon, Philadelphia, tarehe 6 Mei 1953. Msichana wa miaka 18 mwenye tundu kwenye moyo aliishi kwa mashine hiyo dakika 26 wakati wanaliziba. Gibbon alikuwa ameihangaikia tangu miaka ya 1930, akiwajaribia paka wa mitaani aliowanasa mwenyewe kwa samaki na gunia. Hapa kwetu upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008.

Moyo uliosimama nimeuona. Unalala kama pochi iliyomwagwa vitu. Damu ya uvuguvugu ikirudishwa unatetemeka, kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi, kisha unadunda. Thieta nzima hunyamaza hapo, hata yule daktari mpenda redio.

Kuhusu baba yako: Vivien Thomas, Mmarekani mweusi, alikuwa seremala. Mwaka 1930 akaajiriwa maabara ya daktari Alfred Blalock, na kwenye vitabu vya mishahara alikuwa ameandikwa kama mfagizi. Baadaye akiba yake ya kwenda chuo iliyeyuka benki ilipoanguka. Ndiye aliyetafuta kwa mbwa namna ya kuunga mshipa wa mkono na wa mapafu ili kuwasaidia watoto wanaogeuka bluu, tatizo ambalo daktari Helen Taussig aliwaletea. Tarehe 29 Novemba 1944, Baltimore, Blalock alipomfungua mtoto wa kwanza, Thomas alisimama nyuma yake juu ya kigoda, akimwelekeza kila mshono. Blalock alikuwa hajawahi kuifanya operesheni hiyo peke yake mwanzo hadi mwisho. Thomas alikuwa ameifanya mara nyingi. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976.

Unaweza kuanza Jumamosi hii. Nenda buchani Mbuyuni, nunua moyo wa ng'ombe, mwambie mwenye bucha asiukate. Uoshe, kisha fuata mshipa mkubwa kuliko yote kwa kidole mpaka ndani. Utakuta vijifuko vitatu vyembamba kama utando wa kitunguu, hiyo ni valvu ya kutokea. Upasue upande mnene kutoka chini kwenda juu. Utaona vilango vimeshikwa na nyuzi nyeupe kama kamba za mwavuli uliofunguliwa. Vuta uzi mmoja uone ulivyo mgumu. Halafu jaribu kushona sehemu uliyopasua kwa sindano nyembamba na uzi wa nailoni, mishono ikae sawasawa, maji yasivuje ukiyamimina.

Kisu omba, usikichukue kimyakimya. Na uzi utoe wote kabla mama hajaupika.